Likizo ya Agosti Uswidi Huanza Septemba, Kwenye Simu Yako

Mkenya akitaja likizo ya Ulaya, huambiwa moja kati ya maneno mawili. La kwanza: "Hiyo si yetu, waachie wenye pesa." La pili: "Maisha ni mafupi, kopa uende, utalipa ukirudi." Maoni yetu ni kwamba maneno yote mawili yanapotosha, na hilo la pili ndilo linaloumiza watu zaidi.

Mtu wa mshahara wa kawaida, mwenye duka au fundi mwenye kazi ya kueleweka anaweza kuifikia likizo ya siku 10 katika nchi kama Uswidi. Sharti ni moja: aanze kuilipia karibu mwaka mzima kabla ya kupanda ndege, na ailipie kwa pesa zake. Ukitaka kuwa Stockholm mwisho wa Agosti, safari yako inaanza Septemba ya mwaka uliotangulia, kwenye akaunti ya akiba iliyo ndani ya simu yako. Hebu tuone kwa nini.

Kwa nini mwisho wa Agosti, na si Julai

Wengi wakiwaza Ulaya huwaza Julai. Waswidi nao huwaza Julai hiyo hiyo. Sheria yao ya likizo inampa mwajiriwa haki ya kupumzika wiki 4 mfululizo kati ya Juni na Agosti, na wengi huzichukua Julai. Nyumba za kukodi pwani na visiwani hujaa, na aliyechelewa hulipa bei ya aliyechelewa. Ikishafika katikati ya Agosti, shule hufunguliwa, watu hurudi kazini, na mgeni anaanza kupata nafasi ya kuchagua.

Hali ya hewa isikutishe. Mchana Stockholm mwisho wa Agosti huwa karibu nyuzi 20, na usiku hushuka hadi 12 hivi. Aliyekaa Nairobi mwezi wa Julai anaijua baridi hiyo. Jua huchomoza karibu saa 12 kasorobo asubuhi na kuzama karibu saa 2 usiku, kwa hiyo bado una mchana wa saa 14. Saa za kule ziko nyuma ya zetu kwa saa moja tu, huwezi kuchanganyikiwa ukipiga simu nyumbani.

Halafu kuna jambo ambalo halilipiwi. Uswidi ina desturi inayolindwa na katiba, inayoitwa *allemansrätten*, yaani haki ya kila mtu. Inakuruhusu kutembea msituni, kupiga hema usiku mmoja na kuchuma matunda ya porini na uyoga bila kumlipa mwenye ardhi, mradi usikaribie makazi ya mtu, usiharibu mimea yake na usiache takataka. Mwisho wa Agosti ndio wakati matunda hayo yapo. Uyoga usioujua uache, hata ukiwa mzuri namna gani.

Ubaya nao upo, na ni haki uambiwe. Mvua inaweza kukunyeshea siku 3 mfululizo. Ratiba ya kiangazi ya boti za visiwani huisha karibu na wakati huo, kwa hiyo safari hupungua. Mikahawa mingine midogo ya visiwani hufunga. Na kama unamtembelea ndugu, yeye atakuwa amerudi kazini, utazunguka peke yako mchana. Ukiyakubali hayo, Agosti inakufaa.

Tupige hesabu bila kujidanganya

Uswidi haitumii yuro. Wananchi waliikataa katika kura ya maoni ya mwaka 2003, na mpaka leo pesa yao ni krona. Tutumie shilingi 14 kwa krona moja, na shilingi 150 kwa yuro moja. Viwango hupanda na kushuka, lakini ni heri bajeti ibakize kuliko ipungukiwe. Makadirio haya ni ya mtu mmoja, siku 10, usiku 9, kwenye hosteli:

- Tiketi ya ndege kwenda na kurudi: tuseme 120,000. Hutapata ndege ya moja kwa moja. Utabadilisha kwenye miji kama Addis Ababa, Doha, Istanbul au Amsterdam.
- Viza: yuro 90, yaani 13,500. Ongeza 10,000 za ada ya kituo cha maombi na bima ya safari.
- Kitanda: krona 400 kwa usiku, mara 9, ni krona 3,600, yaani 50,400.
- Chakula, usafiri na matembezi: krona 450 kwa siku, mara 10, ni krona 4,500, yaani 63,000.

Jumla ni 256,900. Ongeza asilimia 10 ya dharura, unafika 282,590. Gawanya kwa miezi 11, kutoka Septemba hadi Julai: shilingi 25,690 kila mwezi. Ukilala kwa ndugu, kitanda kinatoka kwenye hesabu na kiasi kinashuka hadi 20,650 kwa mwezi.

Ukiona kiasi hicho na moyo ukashtuka, usikimbilie mkopo. Ongeza muda. Kwa miezi 23 inakuwa kama 12,290 kwa mwezi. Uswidi haihami. Itakuwepo Agosti ya mwaka ujao na ya mwaka utakaofuata.

Sasa linganisha na yule wa "kopa uende". Chukua mfano wa mkopo wa 100,000 wenye ada ya asilimia 8 kwa mwezi, ambao unauzungusha kwa miezi 6 kwa sababu mshahara hautoshi kuumaliza. Ada peke yake ni 48,000. Hizo ni karibu sawa na usiku wote 9 wa kitanda, zimekwenda na hukulala popote. Ukishindwa kabisa, jina lako linafika CRB, na siku utakapohitaji mkopo wa maana, wa biashara au wa matibabu ya mzazi, mlango umefungwa. Sisi tunafanya kazi kwenye biashara hii ya pesa za simu, na bado tunakuambia wazi: mkopo wa simu haukutengenezewa likizo. Ni wa kuziba pengo la siku chache pale unapojua pesa zinatoka wapi.

Karo kwanza, ndege baadaye

Kalenda yetu ina mtego ambao Mswidi hana. Mwisho wa Agosti ndipo muhula wa tatu unapofunguliwa. Karo, sare, nauli ya mwanafunzi na kodi ya nyumba ya mwisho wa mwezi huja pamoja, wiki ile ile unayotaka kuwa kwenye boti. Wazazi wengi hupanga safari kwa pesa wanazoziona Juni, kisha Agosti inafika na kuzigawa upya.

Kwa hiyo tunashauri mifuko miwili kwenye simu, kila mmoja na jina lake. Mmoja uite "Karo Muhula 3", mwingine "Uswidi". Tumia akiba ya kufungwa, ile ambayo huwezi kuitoa kabla ya tarehe uliyochagua, ila hakikisha tarehe ya mfuko wa safari inafunguka kabla ya malipo ya viza na tiketi, na si baada. Weka utaratibu wa pesa kuingia zenyewe siku moja baada ya mshahara. Mfuko wa karo ukiwa haujajaa, wa Uswidi haufunguliwi. Kanuni hii ni ngumu, lakini mzazi anayerudi kutoka Ulaya akamkuta mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo hana picha ya kumwonyesha mtu.

Viza: tarehe, na wale wa kukurahisishia

Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza ya Schengen kuingia Uswidi. Unaruhusiwa kuomba mapema hadi miezi 6 kabla ya safari, na usichelewe zaidi ya siku 15 kabla. Kwa safari ya mwisho wa Agosti, dirisha linafunguka mwisho wa Februari. Sisi tungesema Aprili, au mwanzo wa Mei ukichelewa sana. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini unaweza kufika 45, na watu huwa wengi karibu na miezi ya kiangazi.

Utaombwa bima yenye kinga ya angalau yuro 30,000, mahali pa kulala, sababu ya kurudi nyumbani, na taarifa za benki za miezi ya karibuni. Ukifikia kwa ndugu, yeye atajaza fomu ya mwaliko ya idara ya uhamiaji ya kule, Migrationsverket. Ada ya yuro 90 hairudishwi ukinyimwa. Kwa sababu hiyo, usinunue tiketi isiyorudishwa kabla ya jibu. Nafasi iliyowekwa inatosha kwa maombi.

Hapa ndipo akiba ya mwaka mzima inapojilipa mara ya pili. Akaunti iliyokuwa na shilingi 3,000 tangu Januari, kisha wiki moja kabla ya maombi ikapokea 300,000 za kuazima, inajieleza yenyewe mbele ya afisa. Akaunti inayoonyesha mapato yanaingia na akiba inakua mwezi kwa mwezi inaeleza habari nyingine. Si hakikisho la viza, maana hakuna anayeweza kukupa hilo. Lakini ni kweli, na kweli haihitaji kukaririwa ukiulizwa.

Kuhusu "hakikisho": mtu akikupigia na kusema ana njia ndani ya ubalozi, kwamba utume 30,000 kwa namba yake ya kawaida "ili faili isogee," kata simu. Hakuna ofisi ya ubalozi inayopokea ada kwa namba ya mtu binafsi. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini. Kama jina hilo si la kituo unachokijua, futa. Pesa ambazo hazijatumwa hazihitaji kurudishwa.

Simu yako itafanya nini Stockholm

Tungependa kukuambia kwamba simu yako itafanya kila kitu kule. Haitafanya, na ni afadhali ulijue ukiwa bado nyumbani.

Inashangaza kidogo. Uswidi ndiyo nchi ya kwanza Ulaya kutoa noti za benki, mwaka 1661, na benki kuu yake ya 1668 ndiyo kongwe kuliko zote duniani. Leo nchi hiyo hiyo imeziacha noti karibu kabisa. Maduka mengi yana kibandiko mlangoni kinachosema hayapokei pesa taslimu, na mabasi ya Stockholm hayapokei kabisa. Wenyeji hutumiana pesa kwa programu inayoitwa Swish. Ilianza 2012, miaka 5 baada ya sisi kuanza kutumiana pesa kwa simu. Lakini Swish hutaka akaunti ya benki ya Uswidi na kitambulisho cha kule. Mgeni wa siku 10 hawezi kuiingia, na pochi yako ya Kenya haiwezi kuzungumza nayo.

Kwa hiyo utahitaji kadi. Tunapendekeza mbili, kutoka sehemu mbili tofauti. Ya kwanza, kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na akaunti yako ya simu, inafaa kulipia hosteli na treni ukiwa bado Kenya. Ya pili iwe kadi ya plastiki ya benki, ya kugusisha kwenye mashine. Kwenye vituo vya treni vya Stockholm unagusisha kadi getini na kuingia. Ziweke mahali tofauti, moja mfukoni na nyingine kwenye begi.

Kabla ya kuondoka Kenya, fanya haya:

- Washa huduma ya laini yako kutumika nje ya nchi. Nambari za uthibitisho za benki huja kwa meseji. Laini ikiwa imezimwa, kadi nayo ni kama imezimwa. Ukinunua laini ya kule, usitoe yako, iweke kwenye nafasi ya pili.
- Funga laini yako kwa PIN yake yenyewe, mbali na PIN ya pesa. Simu ikiibwa, mwizi asiweze kuhamisha laini kwenye simu nyingine.
- Pandisha au shusha kikomo cha matumizi ya kadi kulingana na bajeti yako ya siku.
- Lipa kodi na karo, nunua tokeni za stima, mpe fundi chake. Usiache deni litakalokutafuta ukiwa ugenini.
- Kubalianeni na familia neno moja la siri. Kuna matapeli hutuma meseji nyumbani kwamba "nimekwama uwanja wa ndege, tumeni pesa kwa namba hii." Bila neno hilo, hakuna anayetuma.

Na ukiwa mbele ya mashine ya kadi, ikikuuliza unalipa kwa shilingi au kwa krona, chagua krona. Ukichagua shilingi, mwenye mashine anajipangia kiwango chake cha kubadilisha, na mara nyingi hicho ni kibaya kuliko cha benki yako. Ni kitufe kimoja tu, lakini kwa siku 10 kinaweza kukugharimu chakula cha siku kadhaa.

Ukishafika

Uwanja wa Arlanda uko kilomita 40 hivi kaskazini mwa jiji. Kuna treni ya haraka ya dakika 18, na bei yake ni ya mtu wa haraka. Asiyekimbizwa hupanda basi namba 583 hadi kituo cha Märsta, kisha treni ya abiria hadi mjini, kwa tiketi ya kawaida ya usafiri wa jiji.

Maji ya bomba ni salama, beba chupa yako. Hosteli nyingi zina jiko, na nyingi hutoza shuka kando, kwa hiyo beba zako. Ukitaka kula mkahawani, kula mchana siku za kazi. Kuna mlo unaoitwa *dagens lunch*, kama krona 120 hadi 150, na mara nyingi saladi, mkate na kahawa vimo ndani. Chakula hicho hicho jioni kinaweza kuzidi mara dufu.

Usijaribu nchi 5 kwa siku 10. Stockholm na visiwa vyake vinatosha, maana visiwa hivyo ni makumi ya maelfu. Chukua boti hadi Vaxholm asubuhi, urudi jioni.

Mahali pamoja usikose ni jumba la makumbusho la Vasa. Vasa ilikuwa meli ya kivita, fahari ya mfalme, yenye mizinga 64. Tarehe 10 Agosti 1628 iling'oa nanga kwa mara ya kwanza, watu wakiwa wamejaa ufukweni kuitazama. Ilikwenda mita 1,300 hivi, upepo ukaiinamisha, maji yakaingia kupitia madirisha ya mizinga, ikazama pale pale bandarini. Ilikuwa nzito sana juu, na chini haikuwa na uzito wa kuisimamisha. Iliopolewa mwaka 1961, na leo unaweza kusimama mbele yake nzima nzima. Watoto chini ya miaka 18 hawalipi.

Tunaitaja kwa sababu kuna likizo zinazojengwa vivyo hivyo: picha, viatu vipya, hoteli ya ghorofa ya juu, na chini hakuna kitu isipokuwa mkopo. Watu wanaotazama ufukweni hawaioni sehemu ya chini. Upepo unaiona.

Neno kwa anayefikia kwa ndugu

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ndugu yako wa Uswidi analipa kodi ya nyumba kwa krona na anaamka kwenda kazini. Kumlalia sebuleni siku 10, kisha umtegemee kwa chakula na nauli, ni kuhamisha gharama, haziishi. Ingia na bajeti yako ya siku. Nunua vyakula siku ya kwanza, pika siku ya pili, osha vyombo siku zote. Na kabla ya kuondoka nyumbani muulize: unakosa nini cha huku? Majani ya chai ya Kericho hayana uzito, na yatafika kabla ya maneno yako ya shukrani. Nyama na maziwa usibebe, forodha za Ulaya haziruhusu.

Anza leo

Kuna wanaosema kuweka akiba ya starehe ni anasa wakati mahitaji ni mengi. Tunawaelewa. Lakini tumeona pia kwamba mtu asiye na mpango wa kupumzika hupumzika kwa dharura, kwa pesa za ghafla na za watu. Mwenye mfuko wenye jina na tarehe anajua anachoweza na asichoweza, na jibu la "bado" halimtii aibu.

Fungua menyu ya akiba kwenye simu yako. Andika "Uswidi", au jina la nchi yoyote unayoiwaza. Weka kiasi ambacho hakitagusa karo, hata kama ni shilingi 500, na uchague siku ya mwezi kitakachokuwa kinaingia chenyewe. Ikifika Machi, angalia salio. Likitosha, anza maombi ya viza. Lisipotosha, sogeza tarehe mbele mwaka mmoja, na uendelee kuweka.